Uso wa simu: iPhone, Samsung au Android ya bei nafuu, na kipi kikae barazani

Kila alfajiri simu ya mamangu ilikuwa ikimpokea na mtu asiyemjua. Anaamka kwa swala, anabonyeza kitufe cha pembeni atazame saa, anakutana na gari jekundu. Adhuhuri ni mwanamke anajipaka mafuta usoni. Magharibi ni sahani ya chakula ambacho hakuna jiko la Mombasa limewahi kukipika. Saa yenyewe ipo pale juu, ndogo, imemezwa na rangi. Mwisho akaniita: "Mwanangu, hebu nitolee hawa watu kwenye simu yangu. Mimi nataka saa tu."

Nyumbani kwetu Kibokoni kuna simu za namna tatu, na naona ndizo zilizojaa mikononi mwa watu hapa mjini: Android ya bei nafuu ya mamangu, iPhone ya mtumba ya kakangu, na Samsung Galaxy A yangu. Jumamosi moja baada ya alasiri nilizipanga zote barazani nikaanza kuzibadilisha nyuso, moja baada ya nyingine, nikazilinganisha. Uso wa simu ninauita kile kioo kinachowaka kabla hujaifungua. Wengine huita skrini iliyofungwa. Kama unataka kuupamba, au unakaribia kununua simu na jambo hili lina uzito kwako, haya ndiyo niliyoyaona.

Nyumba ya Mswahili haimpeleki mgeni ndani moja kwa moja. Kuna baraza, ambapo yeyote apitaye hutoa salamu na akaketi. Kuna daka, kisha ukumbi, na ndani ni kwa wenye nyumba. Uso wa simu ni baraza. Simu ikilala juu ya meza ya mkahawa, ikiwa kwa fundi, au ukiishika kwenye feri ya Likoni watu wamebanana bega kwa bega, kila aliye karibu anauona. Ndiyo maana siulizi kwanza picha gani inapendeza. Nauliza niko radhi mpita njia aone nini. Wengi huanza na picha. Mimi naanza na ujumbe wa pesa.

Salio lisisomwe barazani

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na iPhone ya kwanza ikaingia madukani Marekani Juni mwaka huo huo. Tangu simu za namna hiyo na pesa za simu zikutane kwenye kiganja kimoja, uso wa simu umekuwa mlango wa mkoba. Ujumbe wa M-Pesa hubeba kiasi kilichoingia, jina la aliyetuma na salio lako, vyote katika mistari michache. Ukiacha arifa zionyeshe maandishi yote, jirani yako kwenye matatu anajua ulicho nacho kabla yako. Rafiki yangu aliombwa mkopo kahawa haijapoa, kwa sababu simu yake iliwaka mezani na salio likasomwa na waliokuwepo. Alishindwa kukataa. Angesemaje hana, na mashahidi wamekaa naye?

Hapa iPhone inaongoza, lakini si kila iPhone. Zile zenye Face ID, yaani zinazofunguka kwa kusoma uso wako, kuanzia iPhone X ya 2017, huja zimepangwa zifiche maandishi ya arifa mpaka mwenyewe aitazame simu. Mgeni anaona tu kwamba kuna ujumbe, basi. Zile zenye kitufe cha kidole, kama 8 na SE, huonyesha kila kitu mpaka uzikataze: unaingia Settings, kisha Notifications, kisha Show Previews, unachagua When Unlocked.

Samsung inakupa uhuru zaidi wa kupanga, ila kazi ya kupanga ni yako. Unaweza kuficha maandishi, au ukaamua arifa zote ziwe alama ndogo tu chini ya saa, bila jina wala neno. Nimechagua hivyo mimi, na sidhani nitarudi nyuma: uso umetulia, na nikiona alama ya ujumbe najua pa kuangalia. Kwenye Android ya mamangu chaguo la kuficha lipo pia, katika Mipangilio upande wa arifa, lakini kulikuwa na kikwazo ambacho watu wengi hawakijui. Kuficha hakufanyi kazi mpaka simu iwe na kufuli la kweli: PIN, mchoro au alama ya kidole. Mamangu hakuwa na kufuli lolote. Alikuwa akitelezesha kidole na simu inafunguka, kwa hiyo hakuna arifa iliyoweza kufichwa. Tulikubaliana kidole gumba cha kulia, na cha kushoto pia kwa akiba, na PIN ya kuandika anapotoka kutia udhu, maana kidole kilicholowa hakisomeki vizuri.

Niseme na jambo la akina dada wanaovaa ninja, yaani nikabu. Kwa simu inayofunguliwa kwa uso, mtaani utaandika PIN kutwa. iPhone 12 na zilizofuata zinaweza kusoma eneo la macho peke yake, tangu iOS 15.4 ya Machi 2022 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone). Za nyuma yake, kama XR na 11, haziwezi. Nafasi ya kidole kwenye Samsung au Android nyingine ni raha zaidi. Na ule ufunguaji wa uso wa simu za bei nafuu, unaotumia kamera ya kawaida ya selfi, usiutegemee. Simu zenyewe huonya unapouwasha kwamba mtu anayefanana nawe anaweza kupita.

Picha moja haifai simu zote

Hili liliniteka Jumamosi nzima, na naona ndiko watu wanakopoteza picha nzuri bure.

Kwenye simu zote tatu saa inakaa juu, theluthi ya kwanza ya kioo. Tofauti iko kwenye arifa. Tangu iOS 16, iliyotoka tarehe 12 Septemba 2022, iPhone huzipanga arifa kutoka chini kuja juu. Android huziweka katikati, chini ya saa. Kakangu alikuwa ameweka picha ya binti zake wawili wamekaa kwenye ngazi, nyuso zao ziko chini kabisa ya picha. Kila asubuhi zilikuwa zimefukiwa na ujumbe wa kundi la mtaa. Niliisogeza picha nyuso zikae katikati, zikapona. Picha ile ile nilipoijaribu kwenye Samsung yangu, katikati ndiko kulikozibwa na arifa, na chini ndiko kulikokuwa na nafasi. Kwa hiyo kabla hujapiga picha ya uso wa simu jua simu yenyewe: kwa iPhone anayependwa akae katikati, kwa Android ashuke chini.

Nilijaribu kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na ukiipiga picha nzima imetandazwa, pindo la juu linagombana na saa mpaka huoni dakika. Nikasogea karibu: juu nikaacha mji peke yake, sehemu iliyotulia, chini nikaacha jina na pindo. Jina lilikuwa "Wema hauozi". Kwenye Samsung lilikaa vizuri kama kanga iliyovaliwa, linasomeka hata arifa zikija. Kwenye iPhone arifa mbili tu zilitosha kulimeza. Mpenzi wa kanga mwenye iPhone aiweke kwenye skrini ya ndani, huko jina litabaki salama.

Halafu jua letu. Picha za bahari ya mchana, zinazopigwa na kila mtu pale Mama Ngina, zina anga jeupe juu, na saa nyeupe juu ya anga jeupe haisomeki ukiwa unangoja feri saa saba mchana. Na simu ikipata joto sana huanza kupunguza mwanga yenyewe, basi ndiyo huoni kitu. Unataka picha yenye utulivu na giza kiasi upande wa juu. Ukuta wa Fort Jesus, waliouanza Wareno 1593, unafaa ukiupiga jioni kivuli kimeshauangukia. Bora zaidi kwangu ni mlango wa kuchongwa wa Mji wa Kale: mbao nyeusi juu, nakshi katikati, na saa inasimama pale kwenye kizingiti kana kwamba imechongewa. Ndio uliopo kwenye simu yangu sasa. Ukiupiga mlango wa mtu mwombe ruhusa mwenyewe, na subiri waliokaa barazani wainuke.

Weusi una faida nyingine, lakini si kwenye kila kioo. Kioo cha OLED, ambacho Samsung hukiita AMOLED, huzima kabisa vidoa vyeusi, kwa hiyo picha nyeusi hula chaji kidogo. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake inayowaka kote, uweke nyeusi au nyeupe. Galaxy A15 ina AMOLED. A05 ni LCD. iPhone X, XS na familia yote ya 12 ni OLED; XR na 11, zinazouzwa sana kwa mtumba, ni LCD. Stima ikipotea usiku kucha tofauti hiyo utaiona. Ile saa isiyozimika, inayobaki kioo kikiwa kimelala, nayo kwa kawaida ni ya vioo vya OLED, na kwa iPhone ilianza na 14 Pro ya 2022. Inapendeza, lakini inakula chaji kidogo kidogo kutwa, mimi nimeizima. Picha zinazotembea na video nimeziacha kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna picha ambazo sitaziweka barazani, hata zikiwa nzuri namna gani. Picha ya harusi ya dada yetu, amejipamba na nywele zake ziko wazi, ni ya ndani. Simu huenda kwa fundi, huachwa kaunta ikichajiwa, huokotwa na watoto wa watu. iPhone, Samsung na Android ya mamangu zote zinaruhusu picha moja usoni na nyingine ndani, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua baina ya kupenda na kusitiri. Na aya za Qurani sizipendi pale. Najua wengi huweka Ayatul Kursiyu kwa nia njema kabisa, lakini simu huingia na mwenyewe hata chooni, na hutupwa kitandani na kukaliwa. Kila mtu na moyo wake. Hilo ndilo langu.

Saa, wijeti na saa ya Kiswahili

Wijeti ni yale madirisha madogo yanayoonyesha jambo bila kufungua programu. Android ndiyo iliyotangulia kuziweka usoni, kwenye Android 4.2 mwishoni mwa 2012, kisha Android 5.0 ya 2014 ikaziondoa. Miaka ikapita. iPhone ikaja nazo 2022 na iOS 16, na ndani ya miezi michache Samsung nayo ikafungua mlango na One UI 5, toleo lake la Android. Zote mbili zina mwendo mmoja: unakandamiza kioo kilichofungwa, unashikilia mpaka kitikisike, halafu unabadilisha saa, maandishi na rangi. Android 14 ya Oktoba 2023 ilileta jambo karibu na hilo kwa simu nyingine, ingawa kila mtengenezaji ameichezea kwa mkono wake. Ya mamangu ina saa za aina chache tu. Tukachagua kubwa kuliko zote, mjadala ukaisha.

Kwa wijeti iPhone ni bora, sioni la kubishana. Programu za nyakati za swala zina wijeti zinazokaa chini ya saa, zikakuambia swala ifuatayo ni ipi na imebaki muda gani. Kakangu ameweka hiyo. Ilimgharimu kitu: iPhone ina uwezo wa kuipitisha saa nyuma ya kichwa cha mtu aliye kwenye picha, ikaonekana kama amesimama mbele ya saa, na ukiweka wijeti chini ya saa urembo huo unaondoka. Alifikiri kidogo akachagua swala.

Samsung yangu wijeti zake za usoni ni zile zake yenyewe: hali ya hewa, kalenda, kengele na mfano wake. Njia niliyoipata, na inayofanya kazi hata kwa mamangu, ni kuiambia programu ya swala iache arifa ya kudumu. Hiyo haifutiki simu ikiwa imefungwa, inakaa chini ya saa siku nzima. Haipendezi kama wijeti, na ukiwa umezifanya arifa alama tu utaona alama yake peke yake, lakini kazi inafanya.

Na hili ndilo lililotufurahisha zaidi. Ami yetu hasomi saa ila kwa Kiswahili. Simu ikimwambia 7:00 lazima atoe sita kichwani ndipo apate saa moja. Hakuna simu kati ya hizi tatu inayokupa saa ya Kiswahili, lakini iPhone inakubali wijeti ya saa ya mji mwingine. São Paulo iko saa tatu nyuma ya Greenwich na sisi tuko saa tatu mbele, jumla sita. Hapa ikiwa 7:00, kule ni 1:00. Yaani saa moja! Weka wijeti ya saa ya São Paulo chini ya saa kubwa, hakikisha simu iko kwenye mtindo wa saa 12 na si 24, na mzee atasoma wakati wake bila hesabu. Jina la mji litaonekana pale, lisikushughulishe. Kwenye Android niliishia kuiweka saa hiyo kwenye skrini ya ndani.

Anayenunua iPhone ya mtumba asikilize hapa. iPhone 7 na za nyuma yake hazikuvuka iOS 15, kwa hiyo hayo yote ya saa na wijeti hazina, na hakuna fundi wa kukuwekea. iPhone 8 na X zinayo, ila ziliishia iOS 16. Kubadilisha vile vitufe viwili vya chini, tochi na kamera, kulikuja na iOS 18 ya Septemba 2024, ambayo huanzia XR na XS. Samsung huruhusu kubadilisha vitufe hivyo hata kwa simu za bei ya kati. Mimi tochi sijaiondoa. Ngazi za nyumba zetu za zamani unazijua.

Jarida, na programu za mapambo

Wale watu waliokuwa kwenye simu ya mamangu walitoka kwenye jarida la usoni. Simu nyingi za bei nafuu za Android huja nalo limewashwa, au huwashwa kwa kubonyeza "Kubali" mara moja bila kusoma. Picha zinashushwa kutoka intaneti, baadhi yake ni matangazo, na data inayozishusha ni ya kwako. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya mandhari au ya skrini iliyofungwa, uone jina kama Magazine au Carousel, uzime. Kisha weka picha yako mwenyewe papo hapo. Kama unapenda picha zibadilike, iPhone inaweza kuzungusha picha zako kila saa au kila siku, na Samsung pia inazungusha, zote bila mgeni na bila data.

Programu za kupamba kufuli zinazopatikana mtandaoni, zile zenye moto, maua na zipu ya kufungulia, sizipendekezi kwa yeyote. Zinakaa juu ya kufuli halisi, hazichukui nafasi yake. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma arifa zako, na kusoma arifa ni kusoma ujumbe wa pesa na nambari za siri za mara moja zinazotumwa na benki. Urembo huo bei yake ni kubwa mno.

Simu ikipotea

Hapa Android inaipita iPhone waziwazi. Simu ya mamangu na yangu zote zina nafasi ya kuandika mstari mmoja unaoonekana usoni daima. Watu huandika nambari yao wenyewe, wakasahau kwamba nambari hiyo ndiyo iliyopotea. Andika ya ndugu. iPhone haina mstari huo; ina kadi ya afya inayofunguka ukibonyeza Emergency, yenye majina ya jamaa wa kupigiwa, aina ya damu na maradhi. Ijaze, na uiruhusu ionekane simu ikiwa imefungwa. Android nazo zina taarifa za dharura kama hizo, na kwa mama mwenye sukari ningezijaza kabla ya kufikiria picha yoyote.

Ningekuwa nakuchagulia

Mfanyabiashara wa soko la Markiti ambaye simu yake hulala kwenye meza wateja wakiwa mbele yake, ningempa Samsung yenye AMOLED, arifa ziwe alama tu, picha nyeusi. Kijana apendaye kubadilisha, uso wa kazini na uso wa wikendi, iPhone kuanzia XR. Inahifadhi nyuso kadhaa na unazipitia kwa kutelezesha kidole. Dereva wa tuktuk, aliyeifunga simu mbele yake juani, anahitaji saa nene yenye rangi ya kukoza na mandhari ya rangi moja, na hilo Android ya bei nafuu inalitosheleza kabisa; aokoe pesa zake.

Mamangu amebaki na simu yake ile ile. Uso wake ni weusi mtupu, saa kubwa ya njano, na chini yake nambari ya kakangu. Picha ya wajukuu iko ndani, na akitaka kuwaona anabonyeza kidole gumba.